Mionzi Kazini: Vidokezo 14 kwa Ambaye Hakuna Aliyemwambia

Goiânia, Brazil, 1987: waokota vyuma chakavu. Yanango, Peru, 1999: fundi wa kuchomelea. Meet Halfa, Misri, 2000: mkulima na mwanawe. Samut Prakan, Thailand, mwaka huohuo: watu wa yadi ya skrepa. Ukizisoma ajali hizi moja baada ya nyingine utaona walioumia wanafanana. Si wanasayansi, hawakuwa na beji ya mionzi kifuani, na hakuna aliyewaambia kilichomo ndani ya kile walichokishika.

Radiografa wa hospitali amesomea kazi yake, ana ukuta wa kujikinga, na hubonyeza swichi akiwa nyuma ya ukuta huo. Anayesahaulika ni mhudumu anayepiga deki, muuguzi anayemshika mtoto, saidia fundi, utingo aliyejilalia nyuma ya kiti cha dereva. Vidokezo hivi ni vyao kwanza. Radiografa naye akivisoma hatapungukiwa kitu.

1. Uliza kama ni mashine au ni chanzo

Swali hili moja linaondoa nusu ya hofu na nusu ya uzembe. Mashine ya eksirei inategemea umeme. Ikizimwa, au umeme ukikatika, mionzi hakuna. Haibaki ukutani, kwenye shuka wala kwenye hewa ya chumba. Mhudumu anayeogopa kupiga deki chumba cha eksirei jioni anaogopa bure; afadhali aiogope dawa anayosafishia sakafu. Mashine za CT, za daktari wa meno na za kukagulia mizigo uwanja wa ndege zote ni za ukoo huo.

Chanzo cha mionzi ni habari nyingine kabisa. Kobalti-60 ya kutibu saratani, iridiamu-192 ya kukagulia maungio ya mabomba, siziamu-137 iliyomo kwenye kifaa cha kupimia ushindiliaji wa barabara: hivi havina swichi. Vinatoa mionzi usiku na mchana, viwe vinatumika au vimefungiwa stoo, na kinachokulinda ni kasha lake tu. Siziamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu. Ikisahauliwa stoo wakati wa babu, mjukuu ataikuta bado ina nguvu.

Kuna na kundi la tatu, wodi za tiba ya nyuklia, ambako mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi. Iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8, na nyingi hutoka kwa mkojo na jasho. Mhudumu wa wodi hiyo asichanganye shuka wala taka zake na za wodi nyingine, na asimwage chochote hadi aambiwe kimepimwa.

Siku ya kwanza kazini uliza pia kama kuna leseni. Tanzania leseni hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki chini ya Sheria Na. 7 ya 2003. Kenya kuna Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Uganda kuna Baraza la Nishati ya Atomiki chini ya sheria ya 2008. Mwajiri anayekasirikia swali hilo amekwisha kukujibu.

2. Rudi nyuma kabla ya kuvaa chochote

Kinga ya bei rahisi kuliko zote ni umbali. Kiasi unachopata ukiwa mita 1 kutoka kwenye chanzo hubaki robo ukirudi hadi mita 2, na sehemu moja ya tisa ukifika mita 3. Kwenye mita 10 imebaki moja ya mia. Ndiyo maana mashine ya eksirei inayosukumwa hadi kitandani wodini ina waya mrefu wa swichi: utumie wote. Mwenye kitanda cha jirani anayeweza kutembea naye atoke kidogo.

Muda nao una hesabu yake, nyepesi zaidi: ukikaa nusu ya muda umepata nusu.

Chumba cha upasuaji ndiko watu wanakokosea. Mionzi inayomfikia muuguzi wa theatre mara nyingi haitoki moja kwa moja kwenye mashine. Imegonga mwili wa mgonjwa ikatawanyika. Mashine ile ya mkono uliopinda, inayoonyesha mifupa papo hapo kwenye skrini, ikiwekwa ubavuni mwa mgonjwa, simama upande wa kipokea picha na uuache upande wa bomba linalotoa mionzi. Na kama huna kazi mezani dakika hiyo, hatua mbili nyuma hazitakupunguzia heshima.

3. Usigeuke mshikaji wa kudumu

Mtoto wa miaka miwili analia, kifua kinapaswa kupigwa picha, mama ametoka kwenda kulipia dirishani. Radiografa anachungulia mlangoni: "Sista, nishikie kidogo." Ni kidogo kweli. Picha moja ya kifua haimpi anayeshika kitu cha kutisha. Shida ni kwamba kesho ni sista yuleyule, na keshokutwa, kwa sababu ana moyo mwepesi na anajulikana hakatai.

Msubirini mama arudi. Yeye atashika mara moja na kwenda zake nyumbani. Aulizwe kwanza kama ana mimba, avalishwe aproni, asimame ubavuni, na mikono yake isiingie kwenye eneo linalopigwa picha. Kama ni lazima mfanyakazi ashike, washike kwa zamu, na pawe na daftari la nani ameshika lini. Idara isiyo na daftari hilo itakuambia "tunashika wote", lakini waulize wahudumu ni nani hasa.

4. Aproni ya risasi hutundikwa, haikunjwi

Ukiikunja kama shuka na kuitupa kwenye kiti, risasi ya ndani inapasuka kwenye mikunjo, nje bado inapendeza. Itundikwe kwenye henga yake, na angalau mara moja kwa mwaka ipigwe picha yenyewe ili nyufa zionekane. Kwa kazi nyingi za eksirei aproni yenye kinga sawa na milimita 0.25 hadi 0.5 za risasi inatosha. Vaa na kola ya shingo, maana tezi ya shingoni haijakingwa na aproni.

Na usiivae ukajiona askari mbele ya kobalti au iridiamu. Mionzi ya huko ina nguvu nyingi mno, nusu milimita ya risasi haiizuii kwa lolote la maana. Hapo kinga ni umbali, muda na ukuta mnene wa zege.

Macho nayo. Kwa muda mrefu iliaminika yanavumilia, na kikomo cha lenzi ya jicho kwa mfanyakazi kilikuwa milisiveti 150 kwa mwaka. Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilipendekeza kishushwe hadi 20, baada ya kuona mtoto wa jicho huwapata watu kwa kiasi kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Daktari wa moyo au wa mifupa anayefanya kazi chini ya mionzi kila wiki adai miwani ya risasi, na muuguzi anayesimama naye adai vilevile.

5. Beji ikae kifuani, msumari hauna mapafu

Katika idara fulani fulani utaziona zimetundikwa kwenye msumari kando ya ratiba ya zamu, majina yamebandikwa vizuri, wenyewe wako ndani wanapiga picha. Mwisho wa robo mwaka zinapelekwa maabara, majibu yanarudi sifuri, kila mtu anafurahi.

Beji haikukingi na chochote. Ni shahidi tu. Ndani yake kuna vipande vidogo, aghalabu vya litiamu floridi, vinavyotunza kumbukumbu ya mionzi iliyopita. Vikipashwa moto maabarani hutoa mwanga, na mwanga huo ndio unaopimwa. Ivae kifuani, chini ya aproni, uso wake ukielekea mbele. Usiiazimishe. Usiifue na koti. Usiiache kwenye gari juani, na usiisahau ndani ya chumba cha eksirei, maana itaandika mionzi ambayo wewe hukuipata.

Majibu yakirudi uyaelewe. Kikomo cha mfanyakazi ni milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Mwananchi wa kawaida asizidishiwe zaidi ya 1 kutokana na shughuli hizi. Ulinganishe na mionzi ya asili, ile ya ardhini, hewani na angani, ambayo wastani wake duniani ni kama 2.4 kwa mwaka kwa kila mtu. Rubani na wahudumu wa ndege za masafa marefu hupata 2 hadi 5 zaidi kutoka angani bila kugusa mashine yoyote, na si wengi kati yao wanaojua. Radiografa anayefuata taratibu hubaki chini sana ya 20. Namba yako ikipanda ghafla kuliko ya wenzako, usingoje ifike kikomo ndipo uulize.

6. Maziwa ni chakula

Kunywa kwa raha zako. Hayazuii mionzi, hayaitoi mwilini, hayasafishi damu. Ubaya wa imani hii ni kwamba bosi akishagawa paketi mbili hujiona amemaliza wajibu wake, na aproni iliyopasuka inabaki palepale. Vidonge vya iodini navyo vina kazi moja tu, kuikinga tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi. Kwa eksirei havina maana.

7. Mimba isiwe siri ya miezi mitano

Ukishajua, mwambie msimamizi wako kwa maandishi. Kuanzia hapo mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mwananchi wa kawaida, asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa kipindi chote kilichobaki. Mara nyingi hilo halimaanishi kuacha kazi; unatolewa theatre au tiba ya nyuklia, unabaki kwenye kazi za nyuma ya ukuta. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Anayeficha kwa kuogopa kupoteza posho ya zamu ana sababu yake, na ndiyo maana wasimamizi wanapaswa kusema mapema kwamba posho haitaguswa.

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wenye miaka 16 hadi 18 wana kikomo chao, milisiveti 6. Chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kabisa kwenye kazi hizi.

8. Skrepa: kidogo lakini kizito ajabu, kiache

Hapa nitakaa, kwa sababu ndiko watu wanakofia.

Mwaka 1987 mjini Goiânia kliniki moja ya binafsi ilikuwa imehama na kuacha nyuma mashine ya kutibu saratani katika jengo bovu. Vijana wawili wakaingia, wakang'oa kichwa cha ile mashine, wakakisukuma kwa toroli hadi nyumbani, wakakibomoa na kukiuza yadi ya skrepa. Ndani mlikuwa na unga wa siziamu-137, kama gramu 93 tu, uliokuwa unang'aa samawati gizani. Mwenye yadi aliona maajabu. Akaita ndugu na majirani, wengine wakapewa punje waende nazo kwao. Watoto wakajipaka.

Watu wakaanza kutapika. Hospitali ikadhani ni ugonjwa wa nchi za joto. Aliyeunganisha mambo hakuwa daktari wala mkaguzi wa serikali. Alikuwa mke wa mwenye yadi. Aliona kila anayeugua alikuwa karibu na kile chombo, akahakikisha mabaki yake yametiwa kwenye mfuko, yakapelekwa kwa basi hadi ofisi ya afya. Siku iliyofuata mtaalamu mwenye kipimo akajua. Watu 4 walikufa, yeye mama akiwa mmoja wao, na mtoto wa miaka 6 mwingine. Watu 249 walikutwa wamechafuliwa na zaidi ya 112,000 wakapimwa.

Samut Prakan, mwaka 2000, ilikuwa kobalti-60 iliyobomolewa yadini. Watu 3 walikufa. Mayapuri, New Delhi, mwaka 2010, ilikuwa kifaa cha maabara cha chuo kikuu. Huko hakuna aliyeiba chochote. Kilinadiwa kama chuma chakavu, na mtu 1 akafa. Mexico ndiko kuliko na kisa cha ajabu zaidi: kobalti ya Ciudad Juárez iliyeyushwa pamoja na chuma kingine ikawa nondo, na nondo zikauzwa hadi Marekani. Januari 1984 lori lililozibeba lilipotea njia, likapita langoni kwa maabara ya Los Alamos, na vipimo vya mionzi vikalia. Bila dereva kupotea, sijui nani angejua.

Basi wewe unayenunua na kukata vyuma angalia alama. Ya zamani ni pangaboi la mabawa matatu, mara nyingi jeusi juu ya manjano. Nyingine ilitolewa mwaka 2007 baada ya kujaribiwa kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwamo, kwa sababu wengi hawakuona hatari yoyote kwenye lile pangaboi: hii ni pembetatu nyekundu yenye mawimbi, fuvu na mtu anayekimbia. Lakini alama hubanduka au kufutika kwa kutu. Kwa hiyo uzito ndio wa kuuamini. Chombo kidogo kilicho kizito kupita kiasi, chenye risasi ndani, hasa kikitoka hospitali, kiwandani, maabara au kwenye machimbo, usikikate kwa gesi, usikipige grainda, usikipeleke ndani ya nyumba. Kiache kilipo, ondoa watu, piga simu. Usikizike, na usikitupe mtoni ili shida iende kwa mwingine.

9. Kwenye bomba na barabara, usiokote

Februari 1999, kwenye mtambo wa umeme wa maji wa Yanango, fundi wa kuchomelea aliona kipande cha chuma chini, akakitia mfuko wa nyuma wa jinzi. Akaendelea na kazi kwa saa kadhaa, kisha akapanda basi dogo kurudi kwake. Kilikuwa iridiamu-192 iliyochomoka kwenye kifaa cha kukagulia maungio. Jioni paja likaanza kuuma. Tabibu akadhani ameumwa na mdudu. Usiku wenye kifaa wakagundua chanzo kimekosekana, wakamfuata nyumbani. Mguu wake wa kulia ulikatwa.

Hakusikia joto wala mwasho wakati anakiokota. Hivyo ndivyo mionzi ilivyo, kidonda hujitokeza baadaye, pengine baada ya siku au wiki.

Ukaguzi wa maungio ya mabomba na matangi kwa iridiamu hufanywa zaidi usiku, watu wakiwa wachache. Ukiona kamba, utepe wa manjano na taa inayowakawaka, hakuna njia ya mkato hapo. Na wewe mkaguzi, baada ya kila picha nenda na kipimo hadi kwenye kasha uhakikishe chanzo kimerudi ndani. Kuhisi kwamba waya umefika mwisho si uthibitisho.

Barabarani kuna lile sanduku la kupimia ushindiliaji na unyevu, aghalabu la manjano. Si kiti cha kupumzikia, na halisafirishwi kabini pamoja na watu. Adui yake mkubwa ni rola inayorudi nyuma. Likikanyagwa, simamisha kazi, weka watu mbali, mwite anayehusika nalo. Usikusanye vipande kwa koleo.

Kama unadhani kipande kidogo hakina maana, kumbuka Australia Magharibi, Januari 2023. Kidonge cha siziamu-137 cha milimita 6 kwa 8, ukubwa wa punje ya hindi, kilidondoka kwenye lori baada ya kifaa kulegea kwa mtikisiko wa safari. Barabara ya kilomita 1,400 ilibidi ipekuliwe hadi kilipopatikana Februari 1.

10. Bandarini na uwanja wa ndege

Skana za makontena zina eksirei zenye nguvu ya kupenya chuma. Dereva ukiambiwa ushuke, shuka na utingo wako; mwamshe, usiseme "amelala tu huyo". Kibarua usipumzike kwenye kivuli cha lori lililo kwenye foleni ya skana.

Skana ya begi uwanja wa ndege imekingwa vizuri, mradi mapazia yake ya mpira wenye risasi yako chini. Begi likikwama, askari asiingize mkono kulivuta mashine ikiwa inawaka. Bonyeza kizimio kwanza. Abiria atasubiri.

11. Fundi wa mnara, piga simu kabla ya kupanda

Mawimbi ya antena za simu na redio si jamii moja na eksirei, ila ukiwa mita moja mbele ya antena iliyowashwa kwa nguvu yake yote yanaweza kukuunguza kwa joto. Mwenye mtambo aizime au aipunguze nguvu, na upate uthibitisho kwa jina la aliyeizima. Mkazi wa chini ya mnara hana haja ya kuhama.

12. Kuchomelea: mlinde na anayekushikia

Mwanga wa kuchomelea umejaa mionzi ya urujuanimno, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Fundi ana kinyago. Saidia fundi aliyeshikilia geti amegeuza uso tu, au amefumba jicho moja. Usiku wa manane ndiye anayeamka akihisi mchanga machoni, machozi yanamtoka, hawezi kutazama taa. Wengine watamletea vipande vya viazi. Aende zahanati, akae gizani, asiyasugue macho.

Kioo cha kinyago kiwe namba 10 hadi 13 kulingana na umeme unaotumia. Miwani ya jua haifai. Weka pazia au bati kati yako na barabara, kwani wanafunzi wanaopita hupenda kutazama cheche. Wanaochomelea aluminiamu na chuma kisichoshika kutu kwa gesi ya agoni wajue kwamba elektrodi za tangsteni zenye ncha nyekundu zina thoriamu kiasi cha asilimia 2. Kuchomelea nazo si shida kubwa. Kuzinoa kwenye grainda na kuvuta vumbi lake ndiko kubaya. Zipo zisizo na thoriamu, ulizia dukani.

13. Mgodini adui ni hewa

Radoni ni gesi inayotoka kwenye miamba yenye urani. Haina rangi wala harufu, na baada ya sigara ndiyo inayoongoza kusababisha saratani ya mapafu. Mchimbaji anayevuta sigara amejiweka penye zote mbili. Shimo liingizwe hewa safi, kuchoronga kuwe kwa maji ili vumbi litulie, chakula kisiliwe chini, na nguo za kazi zisiende nyumbani kufuliwa na za watoto.

Hili si la migodi ya urani peke yake. Kule Katanga, mgodi wa Shinkolobwe uliotoa urani ya bomu la Hiroshima ulifungwa rasmi, lakini wachimbaji wadogo waliendelea kuingia kutafuta kobalti. Walikuwa wanatafuta madini mengine, na urani ilikuwa palepale.

14. Ukishituka, sema, na uombe karatasi zako

Ukidhani umekaribia chanzo, ondoka, osha mikono, vua nguo za nje uziweke kwenye mfuko pembeni, toa taarifa. Ukienda hospitali mtajie daktari kazi yako hata kama hakuuliza. Ngozi iliyoungua bila kugusa moto na kutapika kusiko na sababu vimewahi kuitwa mdudu, mzio na chakula kibovu, na siku za kutibu zikapita.

Kwa fidia, Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na Kenya kuna sheria ya mafao ya ajali kazini ya 2007. Zote zitataka ushahidi, na saratani inaweza kuja miaka mingi baada ya kustaafu. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vinataka rekodi za mionzi za mfanyakazi zitunzwe angalau hadi afikishe miaka 75, na zisipungue miaka 30 tangu aache kazi. Omba nakala yako sasa, ukiwa bado unamjua anayeshika ufunguo wa kabati.